Lori jeupe, kaburi, na tramu namba 651 ya Hiroshima

Lori lilikuwa jeupe, la kupeleka mizigo madukani, na lilikaa mbele yangu sekunde kumi tu hazizidi. Ila ndo sekunde hizo hizo tramu namba 651, tramu ni ile treni ndogo ya umeme inayopita barabarani mjini, ilikuwa inavuka daraja la Aioi, Hiroshima, Japani, siku ya Ijumaa, saa mbili asubuhi na dakika chache, na mimi nimesimama pale tangu saa moja kasorobo baridi ya Novemba inanipiga mpaka kwenye kucha. Nilibonyeza tu. Picha nane ninazo mpaka leo, zote ubavu wa lori, na juu yake kale ka chuma kanakoshika waya wa umeme kanachungulia.

Pembeni yangu alikuwepo mzee mmoja mwenye kamera, kofia ya sufu, ngazi ndogo ya kukunja ameifunga kwenye begi. Akaniangalia, akaangalia lile lori linavyoondoka, akatikisa kichwa kwa masikitiko kabisa, akasema: "Kaburi."

Nikamwambia nini? Akarudia, safari hii ananyooshea mkono lori. "Kaburi, kaburi."

Jamani nilisimama pale nywele zimenisimama. Maana hapo tulipo si mahali pa kutaja hilo neno hivi hivi. Daraja la Aioi ndo lile lina umbo la herufi T, marubani waliona hilo umbo kutoka juu wakalifanya shabaha ya bomu la atomiki tarehe 6 Agosti 1945. Ukigeuka tu unaona lile jengo la kuba lililobaki mifupa. Na ukivuka ukaingia bustani ya amani kuna kilima kidogo cha majani, nilikuwa nimeenda jana yake, chini yake kuna majivu ya watu kama 70,000 ambao ndugu zao hawakupatikana au majina hayajulikani. Sasa mzee wa Kijapani asiyejua hata neno moja la Kiswahili ananitazama machoni anasema kaburi.

Nikatoa simu tukaandikiana kwa ile programu ya kutafsiri. Ikachukua muda, inatoa maneno ya ajabu ajabu, mwishowe tukaelewana. Kumbe kwao wapiga picha wa treni wana neno lao, kitu kikija mbele kikafunika treni yako, liwe gari, liwe treni nyingine, basi hiyo ni kaburi, yaani imefunikwa. Nikamwandikia kwamba kwetu kaburi ni pale tunapomzika mtu. Akasoma taratibu. Akasoma tena. Akaishika simu yangu kwenye viganja vyake viwili akanirudishia kama anarudisha kitu cha kuvunjika, akageuka akaangalia lile kuba, hakusema kitu kwa muda mrefu kidogo.

Ngoja nirudi nyuma nieleze nilifikaje pale. Mimi ni mtu wa magari, naagiza magari yaliyotumika kutoka Japani nauza Dar, na safari hii nilienda mwenyewe Kobe kuangalia mzigo. Wiki ya Kobe sina cha kusimulia, ni yadi, karatasi na mkate wa dukani. Nilichokuwa nimekitunza moyoni ni siku mbili za mwisho, Alhamisi na Ijumaa, kwenda Hiroshima kupiga picha tramu. Shinkansen, ile treni yao ya kasi, kwenda tu ni kama yeni elfu kumi, nikaumia, ila nikasema nimeshafika huku sirudi bila. Hoteli nayo chumba ukifungua begi sakafuni huna pa kukanyaga, na hela waliyochukua ningelala Bagamoyo siku tatu na samaki juu.

Kwa nini tramu? Baba yangu aliendesha yale mabasi ya Ikarus, yale marefu yanayokunjika katikati, kumbakumba, wenye umri wangu wa Dar wanayajua. Nilikuwa napanda naye nikiwa mdogo nasimama pale kwenye kile kizungushio cha katikati, basi likikata kona sakafu inazunguka chini ya miguu yako. Leo hii nimetafuta picha ya basi la baba sijapata. Hata moja. Yaliisha yote yakawa chuma chakavu na hakuna aliyefikiri kuweka hata moja mahali watoto waje waone. Kwa hiyo niliposoma kwamba kuna mji una gari la abiria lililoungua kwenye bomu la atomiki na bado asubuhi linapeleka watu kazini, nilijua lazima nikalione.

Maana 651 ndo hiyo. Ilitengenezwa 1942. Siku ile saa mbili na robo asubuhi ilikuwa kama mita 700 kutoka chini ya pale bomu lilipolipukia, ikaungua, baadaye wakaitengeneza ikarudi barabarani. Ina mwenzake 652 naye yupo kazini. Na tramu zenyewe za mji ule zilianza 1912, na kitu ambacho mimi kinanishinda hata kukieleza ni kwamba bomu lilianguka tarehe 6 na tarehe 9, siku tatu tu, kipande kidogo cha njia upande wa magharibi tramu ilishatembea tena. Na waliokuwa wanafanya kazi ndani ya hizo tramu wengi walikuwa mabinti wa shule, miaka 14, 15, 16, kwa sababu wanaume walipelekwa vitani na kampuni ikafungua shule ya wasichana mwaka 1943 ili wasome na wafanye kazi za tramu. Binti wa miaka 15 anakata tiketi katikati ya majivu ya mji wake. Nina binti wa umri huo nyumbani.

Alhamisi ilipotea. Mvua, mwavuli wa dukani yeni mia saba na kitu ukageuzwa na upepo ndani ya saa moja, na 651 haikutokea, kumbe hizi za zamani zinatoka siku za kazi asubuhi watu wakiwa wengi, zikimaliza zinarudi kulala, na haziko kila siku kwenye njia ile ile. Nikapanda nyingine tu kuzunguka. Nauli ni yeni 240 popote ndani ya mji, karibu shilingi elfu nne, kwa hela hiyo kwetu unapanda daladala mara tano. Unalipa wakati wa kushuka, na mimi mfukoni nina noti ya elfu kumi peke yake, kile kisanduku cha kuvunja hela pembeni ya dereva hakiitaki, kinataka ya elfu moja. Watu nyuma yangu wamejipanga kimya kabisa na ule ukimya ni mbaya kuliko makelele ya konda. Mama mmoja mzima akanyoosha mkono akaniwekea sarafu za yeni 240 kwenye sanduku, akainama, akashuka, akapotea kwenye miavuli. Sikumwona uso vizuri. Mpaka leo nadaiwa.

Basi turudi darajani. Mzee alipomaliza ule ukimya wake akaangalia saa, akatoa kitabu kidogo kimejaa namba kwa penseli, akanionyesha 651, akanionyesha kwa vidole kama mtu anatembea, yaani njoo. Tukapanda tramu iliyofuata. Na hii nayo nilifurahi kama mtoto, ilikuwa ya kutoka Kyoto! Jiji la Kyoto liliacha tramu zake 1978, na Hiroshima wakachukua baadhi, kama walivyochukua za Osaka na za Kobe miji hiyo ilipoachana nazo, na hawakuzipaka rangi upya, za Kyoto ziko na rangi zake za Kyoto na kila moja imepewa jina lake la Kikyoto mbele. Yaani ni mtumba. Mji mzima umejengwa upya ukapanda mtumba, na haukuona aibu kuacha rangi za mwenye nao wa kwanza.

Tukashuka kituo cha mbele ya makao makuu ya kampuni, hapo pembeni ndo kuna yadi ya tramu, unaziona kutoka barabarani zimelala mistari. Dakika kumi, kumi na tano. Mzee anaangalia tu kona. Halafu nikaisikia kabla sijaiona, maana zile mpya zinateleza kimya lakini hii inanguruma chini kwa chini, mngurumo unaopanda taratibu kama mtu anayevuta pumzi ndefu, na ikikata kona magurudumu yanalia kwenye reli. Krimu juu, kijani chini, taa moja kubwa usoni. Dereva amevaa glavu nyeupe, mkono mmoja kwenye mpini, mwingine ananyoosha kidole kwenye taa ya barabarani na midomo inacheza, wanajitajia kwa sauti kila ishara wanayoiona.

Nilipiga picha 23. Iliyonikaa ni moja, nimesogea karibu kwenye ubavu, karibu na namba 651, pale chuma kimepakwa rangi juu ya rangi juu ya rangi mpaka vichwa vya ribiti vimekuwa laini kama maandazi, na mwanga wa asubuhi umelala upande mmoja wa kila kichwa. Hakuna kuba nyuma, hakuna daraja. Hiyo ndo nimeifremu.

Nilipogeuka kumshukuru mzee niliona kamera yake imefungwa kifuniko. Hakupiga. Alikuwa amevua kofia ameishika kifuani mpaka tramu ilipoingia ndani.

Tukakaa kwenye benchi la kituo, nikamnunulia chai ya kopo ya moto kutoka mashine ya pale. Nikataka na mimi nimwonyeshe kitu cha kwetu. Nikatafuta kwenye simu, nikapata picha niliyopiga Mwenge, daladala Coaster, asubuhi, abiria wananing'inia, konda amesimama mlangoni, na ubavuni yale maandishi ya Kijapani ambayo hatujawahi kuyafuta. Maisha yangu yote nimeuza magari yenye hayo maandishi sijui yanasema nini. Nikamnyooshea kidole.

Mzee akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, kisha akaandika kwenye simu yangu, ikatafsiri: mlangoni ni "mlango unaojifungua wenyewe", na ubavuni ni "basi la watoto wa chekechea", na jina la mji mdogo, akaniambia uko mbali na hapo, upande wa kaskazini. Akaikuza picha kwa vidole, akaangalia konda, akaangalia abiria, akaniuliza kama linatembea kila siku. Nikamwambia kila siku, kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Akaniomba niishike simu vizuri niigeuzie kivulini, akafungua kifuniko cha lenzi yake, akaipiga picha ile daladala kwenye kioo cha simu yangu, mara tatu, kila mara anasogeza kidole changu kisifunike namba.