Siku moja maishani mwangu: mimi, mzee na jiko la fonti

Saa kumi na mbili asubuhi nafungua karakana yangu hapa Kadutu, mjini Bukavu, Kongo. Hadi saa tatu nimeshachomea bawaba ya geti, kiti kimoja na bomba la moshi la pikipiki. Hiyo kazi mkono unajiendea wenyewe.

Saa tatu na nusu anafika mzee mmoja kutoka mtaa wa Muhumba. Vijana wawili nyuma yake wanahema, wamebeba jiko la kuni la enzi za Wabelgiji. Bukavu iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, jioni baridi inauma, na nyumba za zamani kando ya ziwa bado zina majiko kama haya.

"Fundi, ni kaufa kadogo tu. Choma, nangojea hapa hapa."

Nikajua siku yangu imekwisha.

Jiko hilo ni la fonti, na fonti si chuma cha geti. Kimeyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu, kina kaboni asilimia 2 hadi 4. Kinavumilia moto miaka na miaka, ila kupinda hakijui: kinavunjika. Kikiwa kizima, ukikigonga kinalia kama kengele. Hili lilitoa sauti ya chungu chenye ufa. Nikapaka mafuta ya taa ubavuni, nikafuta kwa kitambaa, nikapaka unga wa chaki, nikangoja. Yale mafuta yaliyojificha ndani yakaanza kurudi nje, na mstari mweusi ukajichora wenyewe juu ya weupe, toka mlango wa kuni hadi karibu na pembe ya nyuma. Kadogo! Tena kuna mtu alishaziba kwa simenti ya kujengea. Moto umeigeuza unga. Ndiyo maana mzee analalamika jiko linakula kuni: hewa inaingilia kwenye ufa, moto hautawaliki tena.

"Sasa si uchome?"

Bado, mzee. Kwanza ubavu ufunguliwe, na buloni (bolti) zake zimeshikwa na kutu, ukizilazimisha unapasua kwingine. Hapo ilipita saa nzima. Kisha nikatoboa tundu la milimita 3 kila mwisho wa ufa ili usiendelee kutembea, nikauchonga ufa wenyewe uwe mfereji.

"Mbona unazidi kuharibu?"

Nikawasha mbabula mbili, yaani majiko ya makaa, nikalaza ubavu juu ya makala (makaa) uote taratibu. Nikachomea kwa bageti (fimbo ya kuchomelea) ya nikeli, ile tunayonunua moja moja kwa sababu ya bei. Ya kawaida ingeshika leo, kesho ufa mpya unatokea pembeni ya ule wa zamani. Unachomea sentimita 2, unasimama, unagonga polepole kwa nyundo ndogo ili chuma kikisinyaa kisivute. Halafu tena sentimita 2.

"Wenzako wanamaliza kwa dakika kumi. Wewe unasimama tu."

Kusimama ndiko ninakolipwa, baba.

Halafu umeme ukakatika. Saa ngapi, sikuangalia. Nilikuwa nimefika katikati, na ubavu ukipoa ghafla unapasuka tena, kwa hiyo makala lazima yaongezwe. Nani analipa makala? Tulibishana juu ya hilo kuliko juu ya bei ya kazi yote. Mwishoni akatoa faranga, akazihesabu mara mbili, akasinzia kwenye kiti nilichokichomea asubuhi. Mimi nikabaki napepea moto, mgongo unawaka, wateja wengine wanachungulia na kwenda zao. Umeme ulirudi watoto wa shule walipokwisha kupanda mlima kurudi kwao.

Nilipomaliza nikauzika ubavu ndani ya nusu pipa la majivu makavu, upoe hadi kesho. Kugeuka, mzee ameshika ndoo.

"Tumwagie maji, lipoe, niende zangu."

Sijui nilifikaje pale, ila ndoo niliikamata.

"Mzee, hili jiko lilipasuka lini?"

Akatazama chini. "Siku ile wageni walikataa kwenda. Nikazima moto kwa maji, ili waone tunalala."

Wale vijana wawili waligeukia ukutani wasionekane wakicheka. Mimi sikuwa na nguvu ya kucheka.

Saa mbili usiku, nimefika nyumbani, nimeshika bakuli la sombe, simu ikalia.

"Fundi, imeshapoa?"