Hotspoti ya nyumba nzima kwenye bando lisilo na kikomo

Bando lisilo na kikomo lina kikomo chake, na kimeandikwa kwenye masharti: ukishapita GB zilizotajwa, kasi inashushwa mpaka kifurushi kiishe. Hotspoti, yaani simu kuvigawia vifaa vyengine intaneti yake, mara nyingi huwekewa kiwango chake, kidogo kuliko cha simu yenyewe. Zijue namba hizo mbili kwanza. Ukishushwa hadi kbps 512, kwa mfano, saa nzima haikupi zaidi ya MB 230 hivi: meseji za sauti zinapita, video ndo basi tena.

Hapa Fuoni, Unguja, laini moja inalisha kompyuta, runinga na simu za watoto, na inakaa ndani ya kiwango. Kazi kubwa iko kwenye kompyuta. Ikiona waifai hudhani data haihesabiwi, ikafungulia kila kitu: masasisho, nakala za picha, mafaili ya kazini. Simu ya Android ikipokea hotspoti ya Android nyengine huarifiwa kuwa data inahesabiwa, ikajizuia. Windows lazima uiambie mwenyewe.

Kwenye Windows 11 naingia Settings, Network & internet, Wi-Fi, nafungua sifa za hotspoti yangu na kuwasha "Metered connection", yaani data inahesabiwa. Masasisho mengi husimama, na OneDrive, hifadhi ya mafaili ya Microsoft mtandaoni, nayo husita. Lakini swichi hii inafuata jina la mtandao. Mtu akibadilisha jina la hotspoti, kwa Windows huo ni mtandao mpya na swichi imezimwa. Ukihamia kwenye waya wa USB pia, Windows huuona kama Ethernet, kwa hivyo huko nako uiwashe. Hapo ndipo GB zinapoyeyuka usiku watu wamelala. Programu nyingi zisizo za Microsoft haziijali swichi yenyewe; magemu khasa, zima masasisho yake humo humo ndani. Ukitaka kujua nani mlaji, ukurasa wa "Data usage" unaonesha kila programu imekula kiasi gani kwa siku 30 zilizopita.

iPhone ina "Low Data Mode" kwa kila waifai. Iwashwe kwenye kila simu ya mgeni anayekaa zaidi ya usiku mmoja.

Runinga ndiyo jahazi lenye tobo. Kwa hesabu za Netflix wenyewe, ubora wa chini ni GB 0.3 kwa saa, wa kati 0.7, HD inafika 3 na 4K inafika 7. Kiwango hicho siweki kwenye runinga yenyewe. Naingia kwenye akaunti kwa kivinjari, nachagua kiwango cha kati kwa kila profaili, na runinga zote zinafuata.

Wapo wanaoshauri kuificha hotspoti kwa kubadilisha TTL. Kila pakiti, yaani kipande cha data, hutoka na namba hiyo ya TTL, 64 kwa Android na iPhone, 128 kwa Windows, na ikipitia kwenye simu hupungua moja. Kampuni ya simu ikiona 63 au 127 inajua kuna kifaa chengine nyuma ya simu. Kuibadilisha ni kuvunja mkataba, na haipunguzi hata MB moja kwenye jumla inayohesabiwa. Kampuni nazo zinafuatilia: Agosti 2015 T-Mobile ya Marekani ilitangaza kuwaondoa kwenye mpango usio na kikomo wateja walioficha hotspoti, wengine wakifikisha hadi TB 2 kwa mwezi. Mnara ni mmoja, na kasi yake wanagawana waliomo wote.

Kompyuta ikiwa karibu natumia waya wa USB: simu haipati moto sana na inachaji papo hapo. Kwa vyumba vya nyuma, masafa ya GHz 2.4 hupenya kuta za matofali vizuri kuliko GHz 5, ingawa ni ya polepole. Masasisho makubwa ya Windows nayapeleka kwenye faiba ya ofisini, kompyuta ikiwa kwenye chaji, na kule ile swichi naiacha imezimwa.