Kila Mtu Atatiwa Chumvi kwa Moto

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii nimelala na simu mkononi. Binti yangu wa pili ameacha chuo akiwa mwaka wa mwisho, na kila nikimpigia namuuliza lile lile: "Umeshaamua nini?" Jumanne hakupokea kabisa.

Juzi tulikwenda na akina mama wa ushirika Höhr-Grenzhausen, huku huku Ujerumani tunakoishi, kwa wafinyanzi wa Westerwald wanaochoma vyombo kwa chumvi tangu enzi za mababu. Ni chumvi hii hii ya jikoni. Joto la tanuri likishapita nyuzi 1,200, mfinyanzi huimwaga ndani. Inageuka mvuke, sodiamu yake inashikana na silika, yaani madini ya mchanga, iliyomo kwenye udongo, na chombo kinavikwa kioo chenye vinundu kama ganda la chungwa. Lakini mvuke unakwenda unakopelekwa na moto. Nilioneshwa magudulia mawili ya udongo mmoja, yaliyochomwa siku moja. Moja linang'aa, kijivu na buluu. La pili limefifia ubavu mmoja, kwa sababu gudulia la jirani lilizuia mvuke. Nikamuuliza mfinyanzi kama alijua litatoka hivyo. Akatikisa kichwa.

Marko 9:49, "Kila mtu atatiwa chumvi kwa moto," nimeisoma tangu utoto, wala sikuwahi kuelewa chumvi na moto vinakutanaje.

Wazazi wenzangu, niseme kwa upendo, nami nikiwa wa kwanza kukosa. Tunawapambanisha watoto: "Mbona dada yako alimaliza?" Tumewalea nyumba moja, basi tunadai watoke rangi moja! Na hatuna subira. Tanuri likizimwa huachwa lipoe kwa siku kadhaa. Ukilifungua kwa pupa, baridi inaingia na vyombo vinapasuka, hata vile vilivyokwisha kuiva vizuri. Mimi nimeugonga mlango huo kila jioni na kuuita uchungu wa mama. Isaya 43 inasema, "Uendapo katika moto, hutateketea," na aliyeahidi kuwa pamoja naye humo ni Bwana. Hakunitaja mimi. Mama, mwachie Mungu mtoto wake!

Tanuri lina kitundu ubavuni. Mfinyanzi hupitisha fimbo ya chuma, akatoa pete moja ndogo ya udongo, akatazama chumvi imeshika kiasi gani, kisha akaziba. Magudulia hayagusi.

Jana usiku nikampigia binti yangu. Nikamuuliza amekula nini. "Wali na maharage, mama." Tukaongea habari za maharage mpaka akaanza kupiga miayo, nikamtakia usiku mwema.