Kura ya 24

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nasema hasa na ninyi vijana mnaotamani kuimba, mlio kwenye kwaya zetu hapa Moshi na mnaokwenda Arusha kurekodi. Tusome 1 Nyakati 25, sura ambayo wengi huiruka kwa kuwa imejaa majina.

Waliofundishwa kumwimbia Bwana siku za Daudi walikuwa 288, makundi 24 ya watu 12. Zamu zao zilipigiwa kura, mdogo sawasawa na mkubwa, mwalimu sawasawa na mwanafunzi. Ya kwanza iliangukia nyumba ya Asafu. Ya 24 ikamwangukia Romamti-ezeri, na yeye naye alikuwa stadi kama wenzake. Hapo ndipo ninapotaka tukae.

Nikiwa na miaka 20, mwalimu wa kwaya alinipa kuanzisha wimbo wa Pasaka. Tangu siku hiyo nikawa nachelewa mazoezi. Sehemu yangu nilishaijua, basi nikaona shida za besi ni za besi. Alhamisi moja ya masika niliingia nusu saa baada ya wenzangu. Mbele yangu alikaa mama mmoja wa sauti ya pili, muuza ndizi wa Kiborloni, aliyefika kabla mlango haujafunguliwa. Khanga ilikuwa imemlowa mabegani, lakini daftari alilifunga kwenye mfuko wa plastiki, kavu kabisa. Noti kaziandika kwa penseli, na kila alipokosea wiki iliyopita kapazungushia duara. Mama yule hakuwahi kupewa kuanzisha wimbo hata mmoja.

Jioni ile mwalimu alimpa mwingine nafasi yangu. Nilinuna, nikaacha kwaya miezi miwili, nikiwaambia watu nimeonewa. Sikuonewa.

Vijana wangu, maji mtakunywa, usingizi mtalala, koo mtalitunza. Hayo walimu wenu wanawaambia. Mimi naogopa zaidi ile simu ya Ijumaa usiku. Umekubali kuimba harusi ya Jumamosi, familia imeshakutangaza, halafu mwingine anakupigia na pesa maradufu, nawe unawaambia wale wa kwanza kwamba unaumwa. Zaburi 15 inamtaja mtu ambaye "ingawa ameapa kwa hasara yake, hayabadili maneno yake." Kesho yake Jumapili utasimama madhabahuni na kinywa kilekile kilichodanganya. Mungu anakisikia chote, ndugu zangu, si wimbo peke yake.

Nilirudi kwaya Alhamisi moja, nikakaa nyuma. Walikuwa wameshajifunza nyimbo tatu mpya. Yule mama alihama kiti chake akaja kukaa karibu nami, akafungua daftari katikati yetu, akaniwekea ncha ya penseli walipofika. Chini ya sauti yake ya pili alikuwa ameandika pia mstari wa teno, sauti yangu, nyimbo zote tatu.

"Nilikuandikia, mwanangu," akasema. "Anza hapa."