Orodha mbili za korosho

Msimu wa korosho wa mwaka 2021 ulinikuta nyumbani Newala, kusini mwa Tanzania. Wakati huo nilikuwa nimeshajifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kiasi cha kuandika vitanzi na fanksheni bila kufungua kitabu, lakini kila nilichokuwa nimeandika kilikuwa zoezi ambalo mtunzi wake alilijua jibu tangu mwanzo. Kazi ya kwanza isiyokuwa na jibu mkononi mwa mtu yeyote alinipa mjomba wangu, ambaye alikuwa katibu wa chama cha msingi cha ushirika.

Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, mkulima hupeleka korosho zake chama cha msingi, zikapimwa, naye akapewa stakabadhi. Mzigo hukusanywa katika ghala kuu na kuuzwa mnadani, na baada ya makato kila mkulima huingiziwa fedha katika akaunti yake ya benki. Kati ya mizani na akaunti hapana kitu kingine ila orodha za majina. Baada ya malipo ya mnada mmoja, wakulima walianza kufika ofisini wakiwa na stakabadhi mkononi, wakisema wenzao wameshalipwa ila wao bado. Mjomba alikuwa na orodha mbili katika Excel, moja ya waliopima na nyingine ya waliolipwa, na alikuwa akizilinganisha kwa rula na kalamu nyekundu, mstari kwa mstari, hadi usiku.

“Shikamoo, mjomba,” nilimwambia. “Niachie faili hizo nizitazame.”

“Marahaba, mwanangu. Zitazame, lakini asikosekane mtu hata mmoja. Hawa wote ninakutana nao msikitini na sokoni.”

Nilizihifadhi zote mbili kama faili za CSV, yaani maandishi matupu ambayo safu zake hutenganishwa kwa mkato, na kuzisoma kwa moduli ya csv, kifurushi cha msimbo ambacho huja pamoja na Python yenyewe. Jambo hilo lilinifaa sana, kwa kuwa mtandao wa pale ulikuwa dhaifu na nisingeweza kupakua chochote cha ziada. Kizuizi cha kwanza kilikuja mapema: programu ilidai kwamba safu ya “jina” haipo, ilhali niliiona kwa macho yangu. Excel ilikuwa imetanguliza alama isiyoonekana mwanzoni mwa faili, nayo imejibandika kwenye kichwa cha safu ya kwanza. Kufungua faili kwa usimbaji (kanuni ya kusoma herufi) wa “utf-8-sig” badala ya “utf-8” kuliiondoa. Mambo kama haya hayamo katika mazoezi, na nadhani ndiyo yanayowakatisha tamaa wengi waliofika hatua ya kati, kwa sababu kosa halimo katika mantiki yao kabisa.

Kisha nikaziweka namba za akaunti za kila orodha katika seti, yaani mkusanyiko usio na marudio, na kutoa ya waliolipwa kutoka kwa ya waliopima. Seti hufanya kazi hiyo kwa alama moja tu ya kutoa. Jibu lilikuwa mamia ya watu wasiolipwa, idadi ambayo mjomba aliikataa papo hapo, na alikuwa na haki. Nilipochapisha akaunti za orodha zote mbili bega kwa bega, sababu ilionekana: akaunti zilizoanza na sifuri katika orodha ya malipo hazikuwa na sifuri hiyo katika orodha ya mizani, kwa kuwa karani alipoziandika Excel ilizichukua kuwa namba za hesabu na kuiondoa sifuri ya mwanzo. Akaunti zote zilikuwa na urefu mmoja, hivyo amri ya zfill, ambayo huongeza sifuri mwanzoni hadi urefu unaotakiwa, ilizirudishia sifuri zao, na mamia yakabaki makumi.

Makumi hayo ndiyo yaliyonichukua muda mrefu kuliko yote mengine. Baadhi ya watu walikuwa wameandikwa kwa akaunti yenye tarakimu moja iliyokosewa, kwa hiyo ilinibidi kuwatafuta kwa majina, na majina ya kwetu huandikwa kwa namna nyingi. Nilitumia moduli ya difflib, ambayo hupima kufanana kwa maneno mawili kuanzia 0 hadi 1. Nitatoa mfano wa majina yasiyokuwa ya mtu yeyote wa pale. “Saidi Hamisi” na “Said Khamis”, ambayo kwa kila mtu wa pwani ni jina lile lile, hupata takriban 0.87 yakiandikwa kwa herufi ndogo. “Saidi Hamisi” na “Saidi Hamidi”, ambao ni watu wawili tofauti, hupata takriban 0.92. Nilikodolea macho matokeo ya aina hiyo kwa muda mrefu. Hakuna kiwango ambacho ningekiweka kikawaunganisha wa kwanza na kuwatenganisha wa pili, na hapa palikuwa na fedha za mtu za mwaka mzima.

Kwa hiyo sikuiruhusu programu iamue. Kila jozi iliyozidi 0.8 niliiandika katika faili la tatu, pamoja na kijiji, kilo na akaunti zote mbili, na mwisho wa kila mstari safu tupu ya “uamuzi”. Mjomba alikaa na karani, wakajaza ndiyo au hapana. Mara nyingi hawakuhitaji hata kufungua daftari: “Huyu na huyu ni mtu na mpwawe, usiwachanganye.” Programu ikalisoma faili hilo na kutoa orodha ya mwisho, ikiwa na kiasi anachodai kila mmoja. Kilo na bei nilizipitisha katika Decimal, aina ya namba ya Python inayotunza desimali kama zilivyoandikwa, nikiziingiza kama maandishi, kwa sababu Python ikijumlisha 0.1 na 0.2 kwa njia ya kawaida hutoa 0.30000000000000004, na sikutaka mabaki ya namna hiyo yasomwe mbele ya wajumbe wa bodi ya chama.

Walibaki wakulima wasiozidi ishirini. Bodi iliandika barua ikaambatanisha orodha, akaunti zikasahihishwa, na wengi wao walilipwa pamoja na mnada uliofuata. Mmoja hakulipwa: mama aliyepima korosho kwa jina lake, lakini akaunti ilikuwa ya mumewe aliyefariki, na shauri lake likaenda kwenye mirathi. Programu niliiacha katika kompyuta ya ofisi, nikamwonyesha karani jinsi ya kuiweka safu ya akaunti kuwa maandishi kabla ya kuandika namba yoyote, na msimu uliofuata aliiendesha mwenyewe kabla orodha haijapelekwa benki.