Nilipomfokea mwanafunzi, darasa zima lilinyamaza

Ilikuwa Alhamisi jioni, Oktoba 2022, wiki ya saba ya muhula. Nafundisha takwimu kwenye chuo cha miaka 2 upande wa Minneapolis, jimbo la Minnesota, mojawapo ya vyuo hivi ambavyo kijana aliyemaliza sekondari juzi anakaa meza moja na mama mwenye wajukuu. Siku hiyo walikuwepo wanafunzi 28. Kijana mmoja aliyekaa nyuma alikuwa na hedifoni masikioni, anatazama mpira kwenye simu, na mara mbili alicheka kwa sauti huku mimi naeleza namna ya kusoma grafu. Niliweka maka chini, nikamwambia kwa ukali avue hizo hedifoni au atoke nje.

Akatoka. Alikusanya vitu vyake taratibu, akaacha mlango wazi nyuma yake.

Darasa likatulia, nami nikadhani nimelirudisha mkononi. Lakini katika dakika 40 zilizobaki hakuna aliyeuliza swali. Hata mama wa mstari wa mbele, ambaye hapiti kipindi bila kuuliza mara tatu au nne, aliinamia daftari lake mpaka mwisho. Wiki iliyofuata wakaja 22. Halafu mkuu wa idara akaniandikia barua pepe ya heshima tu, akiuliza kama kanuni ya hedifoni imo kwenye silabasi yangu, ile karatasi ya utaratibu wa somo wanayopewa wanafunzi. Haikuwamo.

Morogoro nilifundisha hisabati sekondari miaka 6, madarasa ya wanafunzi 70 na zaidi, na niliitwa mwalimu mwenye nidhamu. Nilikuja huku nikiamini nidhamu hiyo ni yangu, ninayo mwilini kama sauti yangu. Miezi ya hapa ilinionyesha kwamba nilikuwa nimebebwa. Nilipoingia darasani kule wanafunzi walisimama kabla sijasema neno. Kiranja alikuwa ameshaandika majina ya wapiga kelele. Kulikuwa na mwalimu wa zamu nje, mwalimu wa malezi ofisini, na mzazi ambaye nikikutana naye sokoni ataniuliza, "Mwanangu anaendeleaje?" Utulivu ule ulishikwa na watu kumi, mimi nikiwa mmoja wao. Hapa nimeingia peke yangu. Wananiita kwa jina langu la kwanza, hawasimami, wanakunywa kahawa nikifundisha, na wala hawakusudii kunidharau. Ndivyo walivyolelewa. Kitu pekee kinachosimama kati yangu na wao ni ile karatasi ya silabasi, ambayo wanaisoma kama mkataba wa nyumba. Kisichoandikwa humo huwezi kukidai kwa hasira wiki ya saba.

Baada ya siku ile nilianza kusoma wenzangu walifanya nini. Jacob Kounin, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Wayne State kule Detroit, aliwahi kumkemea mwanafunzi wa chuo aliyekuwa anasoma gazeti katikati ya mhadhara. Aliyekemewa alikuwa mmoja, ila waliokakamaa na kunyamaza ni wale wengine ambao hawakuguswa. Na somo alilokuwa anafundisha lilihusu afya ya akili! Kisa hicho kilimpeleka kwenye miaka ya utafiti, na mwaka 1970 alitoa matokeo yake: ukali au upole wa kukemea hautofautishi sana mwalimu mwenye darasa tulivu na mwenye darasa la vurugu. Kinachowatofautisha kinatangulia makosa. Mwalimu anaona kila kona, na wanafunzi wanajua kwamba anaona. Somo halikatikikatiki. Kila aliyekaa ana la kufanya. Niliposoma hayo niliona aibu, maana mimi ndiye niliyekuwa nimegeukia ubao dakika 25 mfululizo, kijana yule akiwa hana kazi yoyote mikononi.

Kwa hiyo nilibadilisha mambo, na nayasema hapa kwa ajili ya walimu wenzangu mnaokuja. Wiki ya kwanza sifundishi sura ya kwanza moja kwa moja. Tunakaa, tunasoma silabasi pamoja, nao wananisaidia kuandika kanuni za simu na za kuchelewa. Wanajiwekea kanuni kali kuliko ambazo ningeweka mimi. Majina yote nayajua kufikia wiki ya tatu, kwa sababu mtu akiitwa kwa jina lake hujirekebisha kabla hujasema kosa. Natembea kati ya meza. Mtu akivuka mpaka, nasimama karibu yake bila kukatisha sentensi, na kama bado lipo la kusema namwambia kwenye korido baada ya kipindi, kwa sauti ya chini, nikianza na swali. Nikirudi nyumbani naandika mistari mitatu: tarehe, kilichotokea, tulichokubaliana. Hiyo mistari imeniokoa mara mbili.

Jambo gumu zaidi kwangu lilikuwa kunyamaza. Nikiuliza swali na hakuna anayejibu, nilikuwa nalijibu mwenyewe papo hapo. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alipima jambo hili katika madarasa ya Marekani miaka ya 1970 na kukuta walimu wanasubiri takriban sekunde 1 tu. Waliposubiri 3 au zaidi, majibu yalirefuka na waliojitokeza wakaongezeka. Siku hizi nahesabu moyoni kwa Kiswahili, moja, mbili, tatu, nne, tano. Ya nne ndiyo inayoumiza.

Kijana wa hedifoni alijiondoa kwenye somo kabla ya tarehe ya mwisho. Nilimwandikia kumwomba radhi kwa kumfokea mbele ya wenzake. Hakujibu.

Ila wanafunzi hawakuwa sehemu nzito ya mzigo. Mimi ni mwalimu wa mkataba wa muhula kwa muhula. Nalipwa kwa somo, na somo lisipojaza wanafunzi linafutwa, hata kama nimeshaliandaa. Mwaka ule nilifundisha vyuo viwili. Saa za kati nilizimalizia ndani ya gari kwenye maegesho, nasahihisha karatasi juu ya usukani huku injini inanguruma kwa ajili ya joto. Desemba jua la Minneapolis linazama saa kumi na nusu jioni. Naingia darasani giza, natoka giza. Kule nyumbani mwanafunzi akikuvuruga unaingia stafu, chumba cha walimu, unamwaga yote mbele ya chai na mihogo, wenzako wanacheka, yanaisha. Hapa niliyabeba mpaka kitandani, saa nane usiku bado nabishana kichwani na mtoto wa watu aliyeshalala.

Na iko simu moja ambayo bado naikumbuka. Minneapolis ina Wasomali wengi, na baadhi yao waliishi Kenya kabla ya kufika huku, kwa hiyo Kiswahili wanakijua vizuri. Siku moja akapiga mama mmoja.

"Hujambo mwalimu. Mimi ni mamake fulani. Nimesikia unaongea Kiswahili, nikafurahi sana. Sasa niambie ukweli, huyu kijana anasoma ama ananidanganya?"

"Shikamoo mama. Naomba unisamehe. Sheria ya hapa hainiruhusu kusema hata kama yumo darasani kwangu."

Akanyamaza kidogo. "Hata mimi mamake?"

"Hata wewe, mama."

Ni sheria ya mwaka 1974 inayolinda kumbukumbu za wanafunzi. Mwanafunzi akishaingia chuo, haki ya kumbukumbu hizo ni yake mwenyewe, na chuo chetu hakitoi habari kwa mzazi bila idhini yake ya maandishi. Naielewa, na kwa wanafunzi wengine naishukuru. Wapo wanaosoma kwa kujificha. Lakini kumjibu hivyo mtu mzima aliyenijia kwa lugha yangu, akiamini kwamba hatimaye amempata mwalimu wa kuzungumza naye, kuliniondolea usingizi siku mbili. Kipindi kilichofuata nililitangazia darasa zima kwamba anayetaka mzazi wake aelezwe maendeleo yake ipo fomu ofisi ya usajili. Nani alisaini na nani hakusaini, si langu kusema.

Februari 2023 nilianza kuona kitu kilichonitisha: nilikuwa sijali tena. Nasahihisha jaribio la mtu aliyefeli na sisikii chochote. Christina Maslach, mwanasaikolojia aliyeutafiti uchovu huu wa kazi tangu miaka ya 1970, anautaja kwa sura tatu: kuishiwa nguvu, kuwaona watu kama vitu, na kuona hufanikishi chochote kazini. Ile ya pili ndiyo iliyonishtua, kwa sababu kwetu mwalimu ni mlezi. Waajiri wengi wa huku wana huduma ya ushauri nasaha kwa wafanyakazi, vikao vichache vya bure na vya siri. Nilikaa wiki tatu na namba ya simu ya huduma hiyo bila kupiga. Nilijiambia mwanaume wa Kiluguru hapelekei mgeni mambo ya moyoni. Nilipopiga, kikao cha kwanza niliongea karibu saa nzima bila kuulizwa kitu.

Sasa barua pepe za wanafunzi sizijibu baada ya saa tatu usiku, na silabasi inasema hivyo. Chuo cha pili nimekiacha, ingawa kipato kilipungua na nyumbani nilituma kidogo mwaka ule. Jumamosi tunakutana walimu wanne, Mkenya mmoja, Mrundi mmoja na Watanzania wawili, tunapika chai ya tangawizi na kuhadithiana ya wiki. Tunaiita stafu.

Wewe unayekaribia kusaini mkataba wa kwanza wa namna hii, uliza mambo matatu kabla ya kuandika jina lako: je, saa za kuonana na wanafunzi zinalipwa, je, unalipwa chochote somo likifutwa, na je, huduma ya ushauri nasaha inawahusu walimu wa mkataba au walioajiriwa moja kwa moja tu. Mimi hilo la tatu sikuliuliza. Nililijua baadaye, kwenye tangazo lililobandikwa karibu na mashine ya kurudufu.