Moshi Chini ya Kenchi

Juzi binti yangu alikuwa akichora nyumba kwa ajili ya kazi ya shule, akaniuliza moshi hupita wapi katika nyumba isiyo na dohani. Nilianza kumjibu habari za nyumba ya bibi, nikajikuta namsimulia Bayleaf, nyumba kongwe niliyoiona Uingereza.

Nilikuwa huko kwa mwaka mmoja wa masomo, mwaka wa baridi. Jumamosi moja mwanafunzi mwenzangu alinipeleka Singleton, kusini mwa Uingereza, kwenye Weald and Downland Living Museum, ambako nyumba kongwe zilizokuwa hatarini kubomolewa huhamishiwa na kusimamishwa upya. Bayleaf ilikuwa nyumba ya shamba huko Chiddingstone, Kent. Ukumbi wake ulijengwa mwanzoni mwa karne ya 15, na vyumba vya upande mmoja vikaongezwa karibu miaka 100 baadaye. Mwishoni mwa miaka ya 1960, bwawa la Bough Beech lilipokuwa likijengwa, waliifungua mti kwa mti wakaihamisha, na mwaka 1972 ikawa imesimama tena.

Mwenyeji wetu alieleza kwamba mwaloni ulichongwa ungali mbichi, kwa kuwa ukikauka huwa mgumu mno, na kwamba ulimi wa mti mmoja uliingizwa katika tundu la mwingine, kisha vikafungwa kwa kigingi cha mti badala ya msumari. Tundu la kigingi kwenye ulimi lilitobolewa likiwa limesogezwa kidogo makusudi, ili kigingi kikipigwa kivute viungo vibanane. Alipofika kwenye kuta, zilizokuwa fito zilizosukwa na kukandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi, nilicheka peke yangu: nauli yote ile, kumbe nimekuja kutazama ukuta wa kukandika!

Kicheko kiliishia mlangoni mwa ukumbi. Madirisha yake marefu hayakuwa na vioo, ila nguzo nyembamba za mti zilizosimama wima, na kupitia humo mwanga uliingia vipande vipande. Katikati ya sakafu, mbali na kila ukuta, moto ulikuwa ukiwaka. Hakukuwa na dari. Macho yalipanda moja kwa moja hadi kwenye kenchi, na moshi ulipanda nayo taratibu, ukatanda juu ya boriti kama chandarua kilichokunjwa, ukitafuta upenyo baina ya vigae. Nilikuwa nimesimama, macho yakaanza kunitoka machozi. Mama mmoja wa makamo, aliyevaa mavazi ya zamani na kukoroga chungu, aliniashiria kwa mkono nikae kwenye benchi. Nilipokaa, hewa ilikuwa safi. Nikamsikia bibi, kwa sauti ileile aliyonikemea nayo nikiingia jikoni kwake: "Inama wewe, moshi hauinami!" Nilikaa pale mpaka mwenzangu aliponifuata, naye alidhani machozi yote yale ni ya moshi.

Miaka miwili baadaye nyumba ya bibi ilibomolewa, nami ndiye niliyetuma fedha. Ile ya fito na udongo, yenye makuti yaliyokuwa meusi kwa masizi, ilianguka kwa asubuhi moja, bila yeyote kuandika nambari kwenye mti hata mmoja ili isimamishwe tena. Bibi mwenyewe alishangilia matofali na mabati. Alisema hatimaye atalala bila kuamka usiku kupanga masufuria chini ya matone. Ningemwambia nini, kwamba Waingereza wangeihifadhi? Wao wenyewe hawalali Bayleaf.

Kilichobaki ni mtambaapanya mmoja, mti uliobeba paa lile, ambao sasa ni kizingiti cha banda la kuku. Nilimpeleka binti yangu akauone. Aliukwangua kwa ukucha, akanusa kidole, akarudi ndani kupaka paa la mchoro wake rangi nyeusi.